Usimwambie Mfugaji wa Kipsing Apumue

Najua nimepotea. Nilikuwa Kipsing, kule Oldonyiro, kaunti ya Isiolo, na nimerudi na hasira, kwa hiyo leo mtanivumilia.

Kilichonipeleka ni kazi. Kuna watu (siwataji) walinilipa niwatengenezee wafugaji programu ya simu ya kupunguza msongo wa mawazo. Unaifungua, duara linapanuka, unavuta pumzi, linasinyaa, unaitoa. Kila asubuhi inakutumia ujumbe: leo ni siku njema, achilia wasiwasi. Nikamwonyesha mzee mmoja kando ya laga. Akaitazama kwa adabu mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa kijana wangu, hiyo inajua majani yako wapi?"

Haijui, jamani. Nilishindwa hata kumjibu.

Tuelewane kwanza msongo ni nini. Mwaka 1936 Hans Selye, mtafiti wa Montreal, Kanada, alieleza kwamba panya waliopewa mateso tofauti, baridi, majeraha, sumu, miili yao iliitika kwa namna moja. Mwili ukiona hatari unamwaga adrenalini na kotisoli: moyo unaenda mbio, sukari inapanda kwenye damu, uko tayari kupigana au kukimbia. Huo si ugonjwa, ndio unaokuokoa ukikutana na simba. Ubaya ni hatari isiyoisha. Ukikaa hivyo miezi na miezi, usingizi unapotea, presha inapanda, na unagombana na kila mtu nyumbani.

Sasa niambieni, hatari ya mfugaji inaisha lini? Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu 5 ya mvua ilikosa mfululizo kaskazini mwa Kenya, na nchini kote mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa. Ongeza wizi wa mifugo. Ongeza mradi wa LAPSSET uliozinduliwa Lamu Machi 2012, ambao ramani zake ziliweka mji wa kitalii hapo Kipsing Gap, kwenye malisho ya watu. Halafu mimi nakuja na duara!

Waandika programu wenzangu, seva ikilemewa mnafanya nini? Mnaiambia itulie? Mnafungua kumbukumbu zake mkaangalia ni nini kinachoilemea, mkakiondoa. Kwa nini binadamu tumfanye yeye ndiye mwenye kasoro?

Na msiniambie teknolojia haiwezi. Mwaka 2010 huko Marsabit ilianza bima ya mifugo inayotumia setilaiti kupima ukijani wa malisho, na 2013 ikafika Isiolo. Majani yakikauka kupita kiwango fulani, malipo yanatoka bila mtu kuja kuhesabu mizoga. Bima kama hiyo ilipelekwa pia kwa Waborana wa kusini mwa Ethiopia, na utafiti wa Tafere, Barrett na Lentz, uliochapishwa 2019, ukaonyesha kwamba wenye bima waliridhika zaidi na maisha yao. Wapo waliojuta kulipa pesa wasifidiwe, lakini faida ya kujua una kinga ilizidi majuto hayo. Msongo ulishambuliwa kwenye mzizi wake, yaani kutojua kesho.

Sisemi kupumua taratibu ni upuuzi. Mimi mwenyewe hufanya hivyo usiku wa kukabidhi kazi, na hunisaidia, kwa sababu hatari yangu inaisha Ijumaa. Na kama hulali wiki kadhaa, au unafikiria kujidhuru, mwambie mtu wa karibu leo hii na mwende hospitali, usingoje programu wala bima. Ninachokataa ni kumuuzia mtu utulivu huku tukiacha kinachomnyima utulivu kama kilivyo, kisha tuandike kwenye ripoti kwamba tumemsaidia.

Awamu ya pili ya kazi ile nimeikataa. Nimewaandikia kwamba nitarudi siku tutakayotengeneza kitu cha kumwambia yule mzee malisho yako wapi, kisima kipi kina maji, na mbuzi anauzwaje soko la Oldonyiro. Mpaka sasa hawajajibu.

Haya, nimemaliza. Mnaoona nimekosea, semeni, nawasikiliza.