Hukumu ya Mtazamaji wa Filamu

Wahenga walisema, mwenye macho haambiwi tazama. Methali hii ni ya kweli, lakini haikumaliza kazi. Mwenye macho huweza kutazama filamu tangu mwanzo hadi mwisho, akatoka nje, akaulizwa ameona nini, asiwe na neno. Atasema, "Ni nzuri." Ukimwuliza uzuri wake ni upi, atasema, "Ni nzuri tu." Ukizidi kumwuliza atakasirika, kana kwamba umemdai deni. Makala haya yanakusudia kulidai deni hilo.

Ni deni kwa sababu filamu haimwachi mtu kama ilivyomkuta. Humwingia kwa macho na masikio kwa pamoja. Humwonyesha namna ya kuvaa, ya kupenda, ya kugombana na ya kupatana. Humwambia nani aheshimiwe na nani achekwe. Mtu aliyepokea mambo yote hayo kwa saa mbili, kisha asiweze kueleza amepokea nini, amefanana na mwenye nyumba aliyemlaza mgeni usiku kucha asimwulize jina.

Katika jambo hili nina ugomvi na watu wawili. Wa kwanza ni msomi anayedharau maoni ya mtazamaji wa kawaida. Wa pili ni huyo mtazamaji mwenyewe, anayejidharau kwa kutoa maoni yasiyo na sababu. Wawili hawa wanadhani ni mahasimu, kumbe ni ndugu. Kila mmoja anamlisha mwenziwe.

Tuanze na dharau, maana ina historia. Katika miaka ya 1935 hadi 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza walifanya jaribio la kuwatengenezea Waafrika filamu za mafunzo. Zilitengenezwa filamu 35, zikahusu mambo kama kilimo, afya, kodi na kuweka akiba posta. Kisha zilipakiwa katika lori, zikatembezwa katika nchi za Afrika ya Mashariki na ya Kati, na waliozitengeneza wakawa wanachunguza watazamaji wanazipokeaje. Kwa hiyo maoni ya mtazamaji wa Kiafrika yalikwisha kutafutwa zamani. Lakini yalitafutwa kama mganga atafutavyo joto la mgonjwa: mgonjwa hupimwa, haulizwi aandikiwe dawa gani.

Mwaka 1939 serikali ya Uingereza ikaunda idara maalumu ya filamu za makoloni, nayo ikaongozwa na William Sellers. Bwana huyu alishikilia kwamba Mwafrika asiyezoea sinema hawezi kufuata picha zinazobadilika upesi. Basi atengenezewe filamu za polepole, nyepesi, zisizo na ufundi wa kumchanganya. Tazama hila iliyomo katika hoja hiyo. Mtu hapewi kitu kwa kuwa hatakielewa. Kwa kuwa hapewi, hakizoei. Na kwa kuwa hakizoei, husemwa kwamba hakielewi. Mduara huo hauna mlango wa kutokea.

Hoja hiyo ilikanushwa na watazamaji wenyewe, tena bila ya kuandika kitabu. Katika miji ya pwani yetu watu wasiojua Kihindi walijaa katika majumba ya sinema kutazama filamu za Bara Hindi. Chukua mfano wa Awaara, ambayo Raj Kapoor aliitoa mwaka 1951. Humo mna jaji anayeamini kwamba mtoto wa mwizi hana budi kuwa mwizi, na mtoto wa mtu mwema hana budi kuwa mwema. Jaji huyo anamfukuza mkewe mja mzito kwa sababu ya shaka. Mtoto anazaliwa katika ufukara, analelewa na mhalifu, naye anakuwa mwizi. Mwisho anasimama kizimbani, akishitakiwa kwa kutaka kumwua jaji yule yule, ambaye ndiye baba yake mzazi. Mimi nilizaliwa baada ya enzi ya filamu hiyo, lakini katika ujana wangu niliwakuta wazee barazani wangali wakibishana: kosa lilikuwa la nani? La damu, la malezi, au la huyo aliyejifanya hakimu wa watoto wasiozaliwa bado? Kati ya wazee wale wamo ambao hawakumaliza darasa la nne. Na bado kila mmoja alitoa sababu, akataja tukio, akamrudishia mwenziwe hoja. Hiyo, ndugu msomaji, ni tahakiki kamili, hata kama haikuandikwa wala kupigwa mhuri.

Ukoloni uliondoka, dharau ikabaki, ikabadili mavazi tu. Leo msomi wetu husema, "Watu wa vibandani wanajua nini?" Lakini katika vibanda hivyo vya video vya Dar es Salaam alipata sifa bwana mmoja aliyejulikana kwa jina la Lufufu, aliyekuwa akisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, sauti yake ikitangulia juu ya sauti za waigizaji. Alieleza, alitania, alikemea, alimwonya mhusika asiyesikia. Aghalabu msimulizi wa namna hiyo huongeza chumvi, na pengine humtia mhusika maneno ambayo hakuyasema. Hata hivyo, amefanya jambo ambalo msomi wetu hakulifanya: ameichukua filamu ya ugenini akaihukumu kwa lugha ya wenyeji, mbele ya wenyeji. Anayemcheka na ajiulize kwanza yeye mwenyewe ameandika nini.

Sasa nimgeukie ndugu yangu mtazamaji, maana kumtetea si kumbembeleza. Hukumu zake zinazosikika kila siku ni nne, na zote ni za mkopo.

Hukumu ya kwanza ni ile ya "kali" na "mbovu". Hiyo si maoni, ni mlio. Mtu aliyeguswa na moto husema "ah!" na sisi tunajua ameungua, lakini hatujui moto ulikuwa wapi.

Hukumu ya pili husema, "Haifikii za Ulaya." Kasoro za filamu zetu zipo, na tusizifunike kwa kanga ya uzalendo. Tangu wimbi la filamu za video lilipoanza kuvuma mwanzoni mwa miaka ya 2000, tumetazama nyingi ambazo sauti haisikiki, na kisa cha saa moja kimekatwa vipande viwili ili kiuzwe mara mbili. Mcheza kwao hutunzwa, ni kweli, lakini mtunzaji hodari huona pia mchezaji anapokosea hatua. Kosa la hukumu hii ni kwamba kipimo chake hakipimwi chenyewe. Mwaka 1962 ilitoka filamu ya Marekani iitwayo Hatari!, iliyoongozwa na Howard Hawks, na mhusika wake mkuu akawa John Wayne. Sehemu kubwa ilipigwa Tanganyika, na jina lake ni neno letu. Katika ufundi wa kuonyesha wanyama wakifukuzwa nyikani, si filamu ndogo. Lakini mwenyeji wa nchi hiyo yumo kwa cheo gani? Yumo kama msaidizi, mtumishi, na pambo la mandhari. Mtazamaji anayeisifu kwa kuwa ni ya wakubwa amesifu nyumba akasahau kuuliza yeye mwenyewe amewekwa chumba gani.

Hukumu ya tatu huipenda wanafunzi: "Kitabu ni bora." Riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, ilitoka mwaka 1999, na wengi wenu mmeisoma darasani. Mwaka 2021 Amil Shivji alitoa filamu yenye jina hilo hilo, inayosimulia habari za Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mume aliyemzidi sana umri, na Denge, kijana mpigania uhuru, katika Zanzibar ya wakati wa ukoloni. Nimewasikia vijana wakisema kwamba filamu imepunguza mengi. Imepunguza, hakuna ubishi. Filamu haiwezi kuibeba riwaya nzima mgongoni. Lakini swali la mhakiki si "nini kimeachwa?" peke yake. Aulize pia, "Mahali pa maneno yaliyoachwa pamewekwa nini?" Mwandishi ana neno "huzuni". Mtengenezaji wa filamu hana neno hilo. Ana uso wa mtu, mwanga wa dirishani, kimya, na muziki. Anayetazama filamu huku akisoma kitabu kichwani hajaitazama filamu.

Hukumu ya nne ni ile tunayoipenda sisi walimu na watumishi wa utamaduni: "Ina mafunzo," au "Haina mafunzo." Kuhusu hii nitasema kwa uchungu, kwa kuwa nimeitumia mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa katika mji mmoja wa mkoani, filamu ya vijana wa hapo ikaonyeshwa bure ukumbini. Kilikuwa kisa cha mama wa kambo anayemtesa mtoto, na mwisho anapatwa na balaa, mtoto akafanikiwa. Taa zilipowashwa nilisimama kama mgeni rasmi nikasema, "Filamu hii ina mafunzo mema: mtenda mabaya hulipwa mabaya." Watu wakapiga makofi. Ndipo akasimama bibi mmoja aliyekuwa ameketi nyuma kabisa. Akasema, "Mwanangu, uniwie radhi, mimi sikusoma. Yule mama wa kambo ametesa tangu mwanzo hadi mwisho. Mbona hakuna hata mmoja aliyemwuliza kwa nini? Mimi nimelea watoto wa kambo watatu. Uchungu wake naujua, na vishawishi vyake navijua. Huyu mliyetuonyesha si mama wa kambo, ni jini. Sasa mimi nijifunze nini kwa jini?"

Ukumbi ukacheka, kisha ukanyamaza. Sikuwa na jibu. Nilimshukuru bibi yule nikaketi. Na katika taarifa niliyoandika kesho yake ofisini sikutia neno lake hata moja. Niliandika kwamba filamu ilikuwa na mafunzo na kwamba wananchi waliifurahia. Wale vijana walioitengeneza, laiti wangaliambiwa kwa maandishi kile alichosema bibi yule, wangalipata faida kuliko makofi yote ya siku ile. Nami ni mmoja wa wadaiwa, na makala haya ni sehemu tu ya malipo.

Wapo watakaonijibu, "Filamu ni starehe. Mtu amechoka na kazi, nawe unataka kumtoza mtihani?" Sitaki kumtoza mtihani. Lakini mwangalie huyo huyo mtu akitoka kutazama mpira. Hatakwambia mchezo ulikuwa mzuri tu. Atakueleza bao liliingiaje, beki gani aliacha nafasi, na kocha alichelewa kumbadili nani. Wala starehe yake haikupungua kwa sababu hizo; imezidi, tena imedumu wiki nzima. Akili hiyo anayo. Kwa nini anapoingia katika filamu anaiacha mlangoni pamoja na viatu?

Wengine watasema, "Kizuri chajiuza." Hasha! Kinachojiuza ni kile kilichozoeleka. Mtengenezaji wa filamu hana masikio mengine ila yale ya soko. Akiambiwa "kali" atarudia alichokifanya, na yule jini wa kambo atarudi mwaka ujao na nguo mpya. Akiambiwa "mbovu" bila sababu, ataacha kazi au ataiga wageni. Tangu mwaka 1976 tumekuwa na sheria ya filamu na michezo ya kuigiza, na bodi ya kuzikagua. Bodi huweza kusema nani atazame na nani asitazame. Haiwezi kumsemea mtazamaji alichokiona. Kazi hiyo haina afisa. Ni ya kila mwenye macho.

Kwa hiyo nawageukia walimu, maana mzigo huu hauna budi kuanzia shuleni. Kwanza, mwanafunzi azoezwe kutoa maoni yenye sababu, na sababu hiyo itoke ndani ya filamu: tukio fulani, neno fulani, uso fulani. Pili, azoezwe kuuliza nani anayesema katika filamu na nani aliyenyamazishwa. Ndilo swali la bibi yule, nalo halihitaji shahada. Tatu, aseme hayo kwa Kiswahili. Maneno tunayo: mhusika, mandhari, msuko, mgogoro, kilele, tumeyatumia miaka mingi katika fasihi, na hayakatazwi kuvuka mpaka. Na mwalimu asitangulie kutoa hukumu yake, kwa maana mwalimu akisha kusema, darasa huitikia kama kwaya. Wala shule isijitetee kwamba haina mashine ya kuonyeshea filamu. Wanafunzi wamekwisha kutazama nyumbani, vibandani na katika simu. Kilichokosekana ni mtu wa kuwauliza.

Taifa lililonyimwa sauti zamani kwa kisingizio kwamba halielewi picha haliwezi leo kunyamaza kwa hiari yake. Kwa vijana mtakaokwenda kutazama filamu jioni hii, ninawaachia ubeti mmoja, nao mwaweza kunijibu kwa beti au kwa nathari, mradi mtoe sababu:

Ukiulizwa filamu, usijibu ni nzuri tu,
Taja neno la muhimu, lililokugusa utu,
Macho yako ni hakimu, usimkodishe mtu,
Sema sababu timamu, maoni yawe ya kwetu.