Pima Habari Kabla ya Kupima Dawa

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Katika mambo mengi ya dunia methali hii imewasaidia watu kujihadhari mapema. Katika mambo ya afya, hata hivyo, haina budi kutumiwa kwa uangalifu, kwani yapo mengi yasemwayo ambayo hayapo wala hayatakuja kamwe. Naye aliyeyasadiki huwa amekwisha kupoteza siku tatu au nne ambazo mgonjwa wake hakuwa nazo za kupoteza.

Zamani habari za afya zilimfikia mama wa nyumbani kwa njia chache: muuguzi wa zahanati, redio, mwalimu wa shule, na wazee wa ukoo. Kila mmoja wao alikuwa na jina, na mlango wake ulijulikana. Siku hizi, katika Buyenzi, Bwiza, Kamenge na mitaa mingine ya Bujumbura, habari hizo huingia nyumbani kwa simu ya mkononi, usiku na mchana, nyingi zikiwa hazina jina wala mlango. Baadhi yake ni za kweli na zina faida kubwa. Nyingine ni uongo mtupu. Nyingine ni nusu ya kweli, nazo ndizo zenye hatari zaidi. Kazi ya mzazi, basi, si kuitupa simu, bali ni kujifunza kupima.

MFANO WA MPOX

Tarehe 25 Julai 2024 Wizara ya Afya ya Burundi ilitangaza kwamba ugonjwa wa mpox umeingia nchini. Siku ishirini baadaye, tarehe 14 Agosti, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa ugonjwa huo ni dharura ya kimataifa. Bujumbura ulikuwa miongoni mwa miji iliyopatwa sana, na watoto walikuwa wengi kati ya waliougua.

Ugonjwa huu zamani uliitwa ndui ya nyani. Jina hilo lilitokana na kwamba virusi vyake viligunduliwa mwaka 1958 katika nyani waliokuwa wamewekwa katika maabara huko Copenhagen, Denmark. Mtu wa kwanza kujulikana kuwa ameupata alikuwa mtoto mchanga wa Kongo, mwaka 1970. Mnamo Novemba 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza jina la mpox litumike badala ya lile la zamani. Hapana shaka kwamba jina la kwanza laweza kumpotosha mtu. Mzazi aliyesikia neno nyani hudhani kwamba nyumba isiyo na nyani haina hatari, ilhali katika mji kama Bujumbura ugonjwa hupita kwa mtu na mtu: kwa kugusana ngozi, kwa kulala shuka moja na mgonjwa, kwa kutumia taulo moja.

Sasa mathalani mama mmoja wa Buyenzi ana mtoto mwenye homa, tezi zilizovimba shingoni, na vipele vinavyogeuka malengelenge. Kabla hajafunga mlango kwenda kituo cha afya, simu inalia. Ni ujumbe uliotumwa na jirani, ambaye naye ametumiwa na shemeji yake. Unasema kwamba majani fulani yakichemshwa na mtoto akaogeshwa mara tatu, vipele hukauka. Tena unaonya kwamba watoto wasipelekwe hospitali. Mwisho unasema: mtumie kila umpendaye.

Ujumbe wa namna hii una nguvu kwa sababu umeletwa na mkono unaoaminika. Lakini mkono ulioleta si mkono ulioandika. Jirani ni mwaminifu, shemeji ni mwaminifu, na bado hakuna hata mmoja wao ajuaye habari hiyo ilianzia wapi. Tena wagonjwa wengi wa mpox hupona wenyewe baada ya majuma mawili hadi manne, hata kama hawakuogeshwa majani yo yote. Aliyeogeshwa akapona atayasifu majani. Yule ambaye vidonda vyake viliingiwa na usaha, au macho yake yakadhurika kwa kuchelewa, hatatajwa katika ujumbe huo.

VIPIMO VINNE

Mwaka 1997, wakati intaneti ilipokuwa bado ngeni kwa wengi, jarida la madaktari wa Marekani liitwalo JAMA lilichapisha vipimo vinne vya kukagua habari za afya zinazotolewa kwa njia hiyo. Vipimo hivyo havijachakaa, na mama wa nyumbani aweza kuvitumia kama atumiavyo kibaba na mizani sokoni.

Kipimo cha kwanza ni mwandishi. Ni nani aliyeandika, na ana elimu gani ya jambo hilo? Maneno kama "daktari mmoja mkubwa wa Ulaya" si jina la mtu. Daktari wa kweli ana jina, ana hospitali, na aweza kuulizwa.

Kipimo cha pili ni chanzo. Aliyeandika ameyapata wapi? Habari njema husema imetoka kwa wizara, kwa chuo, au kwa uchunguzi uliofanywa mahali fulani mwaka fulani, ili anayetaka kuhakikisha aweze kwenda kuutazama.

Kipimo cha tatu ni mwenye faida. Ukurasa huo ni wa nani, na nani anaulipia? Iwapo habari inaanza kwa kueleza ugonjwa na kuishia kwa bei ya chupa ya dawa, hiyo si elimu bali ni tangazo la biashara. Dawa iuzwayo Burundi yapasa kuwa imekubaliwa na ABREMA, mamlaka inayodhibiti dawa na vyakula nchini. Mwuzaji asiyetaka kuulizwa habari hiyo amekwisha kujieleza mwenyewe.

Kipimo cha nne ni tarehe. Habari ya afya huzeeka kama maziwa yanavyochacha. Ile dharura ya mpox iliyotangazwa Agosti 2024 iliondolewa na Shirika la Afya Duniani tarehe 5 Septemba 2025. Ujumbe wa mwaka 2024 ukitumwa tena leo bila tarehe, utawatisha watu kwa jambo ambalo lilikuwa kweli siku ile tu.

Hata muhuri wa kuaminika huzeeka. Kwa miaka mingi shirika la Health On the Net la Geneva, lililoanzishwa mwaka 1995, lilikuwa likizipa kurasa za afya muhuri wake baada ya kuzikagua. Shirika hilo lilifunga kazi zake mwishoni mwa mwaka 2022. Basi akutaye muhuri huo leo asidhani kuwa yupo mkaguzi nyuma yake.

NUSU YA KWELI

Uongo mtupu aghalabu hujulikana mapema. Nusu ya kweli ni ngumu zaidi kuitambua, na Burundi ina mfano wake. Machi 2023 nchi ilitangaza mlipuko wa polio, wa kwanza katika muda wa miaka zaidi ya thelathini. Virusi vilipatikana kwa mtoto wa miaka 4 wa wilaya ya Isale, magharibi mwa nchi, ambaye hakuwa amechanjwa, na kwa watoto wengine wawili waliokuwa karibu naye. Uchunguzi ulionyesha kuwa virusi hivyo vilitokana na virusi vilivyodhoofishwa vya chanjo ya matone.

Mtu akiishia hapo atasema kwamba chanjo imeleta polio, na hataweza kuambiwa kuwa amesema uongo. Lakini amekata habari katikati. Nusu ya pili ni hii: virusi dhaifu vya matone hutoka katika choo cha mtoto aliyechanjwa. Mahali ambapo watoto karibu wote wamechanjwa havipati pa kwenda. Mahali ambapo wengi hawakuchanjwa, hupita kwa mtoto huyu hadi yule kwa muda mrefu, hubadilika, na mwishowe hurudiwa na nguvu ya kupoozesha viungo. Kwa hiyo hatari ilikua kwa sababu ya watoto walioachwa bila chanjo, na njia ya kuikomesha ni kuwafikia watoto hao. Aliyepokea nusu ya kwanza peke yake atamficha mtoto wake siku ya chanjo, na kwa kufanya hivyo atauongezea ugonjwa njia ya kupita.

Ni dhahiri, basi, kwamba mbele ya habari inayoshtua haitoshi kuuliza kama ni kweli. Yapasa pia kuuliza: ni kitu gani kimeachwa?

GHARAMA YA KUSADIKI

Asidhani mtu kwamba mambo haya ni mzaha. Mwaka 1998 jarida moja kubwa la Uingereza, The Lancet, lilichapisha makala iliyohusisha chanjo ya surua na usonji wa watoto. Makala hiyo ilifutwa mwaka 2010, lakini hofu iliyopandwa haikufutika nayo. Mwaka 2011 watu maelfu kwa maelfu walifunga safari hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, ili kunywa kikombe cha dawa ya mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Bei ilikuwa ndogo mno, lakini walikuwamo waliotoka katika vitanda vya hospitali, na walioacha dawa za kupunguza makali ya UKIMWI. Mapema mwaka 2020, korona ilipoingia Iran, mamia ya watu walikufa kwa kunywa methanoli, wakiwa wameambiwa kuwa pombe huua virusi.

LUGHA NA SAA

Liko jambo jingine linalowahusu sana wakazi wa Bujumbura, ambao husoma karatasi ya dawa kwa Kifaransa, huzungumza na muuguzi kwa Kirundi, na huwaeleza jirani kwa Kiswahili. Simu za sasa zaweza kutafsiri maandishi kwa dakika moja, nayo ni faida kubwa. Lakini Kifaransa kikiandika saa 8 ya asubuhi, Mswahili huiita saa mbili. Mashine ikitafsiri neno kwa neno, mama ataelewa kuwa dawa ni ya saa nane ya mchana. Kadhalika "kila saa 8" maana yake ni mara tatu kwa siku, wala si mara moja ifikapo saa nane. Habari yo yote iliyotafsiriwa na inayotaja saa, idadi ya vidonge au uzito wa mtoto, haina budi kusomwa mbele ya muuguzi au mwuza dawa aliyesomea kazi hiyo kabla ya kutumiwa.

Wauguzi nao wana wajibu wao. Haitoshi kumwuliza mgonjwa kama ameelewa, kwa kuwa wengi hujibu ndiyo kwa heshima. Ni bora kumwomba kwa upole aeleze mwenyewe jinsi atakavyoitumia dawa afikapo nyumbani. Akikosea, kosa litarekebishwa palepale. Tena mgonjwa ajaye na habari aliyoikuta kwenye simu asikemewe, maana akikemewa leo, kesho ataificha.

MAHALI PA KUULIZA

Kwa habari za nchini, vyanzo vya kwanza ni Wizara ya Afya, redio ya taifa, ambayo hutangaza pia kwa Kiswahili, kituo cha afya cha mtaa, na wale wahudumu wa kujitolea ambao Warundi huwaita abaremeshakiyago. Kwa wasomao Kifaransa au Kiingereza, upo ukurasa wa Shirika la Afya Duniani. Upo pia ukurasa wa MedlinePlus wa Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, ulioanza mwaka 1998, ambao hauuzi dawa, nao una baadhi ya maelezo kwa Kiswahili. Habari iliyopatikana mahali pamoja yafaa ilinganishwe na ya mahali pa pili. Zikipingana, muuguzi aulizwe.

Kuna wakati, hata hivyo, ambapo haifai kusoma lo lote. Mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila anachopewa, aliyepatwa na degedege, au aliyelegea hata haamki, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Wala mzazi asizuiwe na hofu ya gharama kabla ya kuuliza, kwa kuwa mwaka 2006 Serikali ya Burundi iliamua kwamba watoto walio chini ya miaka 5 watibiwe bila malipo katika vituo vya serikali.

Mwisho, kila mwenye simu ajue kwamba naye ni mtoa habari. Ujumbe asioujua mwandishi wake, chanzo chake, mwenye faida wala tarehe, ukomee kwake. Kuuliza si ujinga. Na ujumbe uliozuiwa mlangoni mwa nyumba moja waweza kumwokoa mtoto wa nyumba ya pili.