Nimestaafu mimi, si ugonjwa wa mama yangu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Dodoma.
Nakala: Mkurugenzi Mkuu, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), Mkurugenzi Mkuu, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma (PSSSF).

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Mkuza, Kibaha Mjini. Mimi ni muuguzi mstaafu wa Serikali, na nyumbani kwangu yuko mama yangu mzazi, mgonjwa wa kiharusi. Ombi langu nalitaja mapema ili wasaidizi wako wasipate tabu ya kulitafuta: mtumishi wa umma anayestaafu aruhusiwe kukatwa mchango wa bima ya afya kwenye pensheni yake, ili wategemezi aliokuwa nao kazini wasitoke kwenye Mfuko wa Bima siku anayotoka yeye kazini.

Kanuni tuliyonayo naijua, maana nimekaa upande wa pili wa dirisha. Mtumishi akiwa kazini hukatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri naye huchangia asilimia 3, na kwa hiyo asilimia 6 hutibiwa mtumishi, mwenza wake na wategemezi wasiozidi wanne, wakiwemo wazazi. Akistaafu, yeye na mwenza wake huendelea kutibiwa maisha yao yote bila kuchangia tena. Hilo ni jema kubwa, na sitaki barua hii isomwe kama sijui kushukuru. Ila wale wanne wanatoka.

Sasa angalia ni nani hasa anayetoka. Kwa mtu wa miaka 60 watoto mara nyingi wameshavuka umri wa kutibiwa kwa kadi ya mzazi. Anayebaki kwenye orodha ni baba au mama, na mwenye miaka 60 aliyejaliwa kuwa na mzazi hai, mzazi huyo mara nyingi ana miaka 80 au zaidi. Yaani tunamtoa mzee wa miaka 80 kwenye bima mwaka uleule ambao mwanawe amepoteza mshahara. Nyumbani kwetu mimi na mume wangu, ambao kwa rehema za Mungu tunatembea na kulima, tuna kadi. Asiye na kadi ni yule aliyelala.

Kiharusi kilimkuta mama Maneromango, kule Kisarawe, nikiwa nimeshapeleka notisi yangu ya kustaafu. Tulimleta usiku kwa gari la kukodi, kupitia Mzenga na Mlandizi, upande wake wa kulia haufanyi kazi na maneno yamemkauka mdomoni. Alikuwa bado mtegemezi wangu, hivyo kadi ilisoma. Sitiskani, kitanda, dawa za presha, dripu, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, vyote vilikwenda kwa kadi, nami niliketi kando ya kitanda nikiwa na shughuli moja tu, ya kumwuguza mama.

Tarehe 1 Julai nikastaafu. Watumishi wa rika langu tuliozaliwa vijijini tuko wengi wa tarehe hiyo, kwa sababu mtu aliyejulikana mwaka bila siku aliandikiwa Julai Mosi. Mama husema nilizaliwa watu wakiokota korosho, na korosho kwetu haziokotwi Julai. Kwa kalenda ya mama ningebaki na kadi yake miezi kadhaa zaidi. Kwa kalenda ya Serikali, mgonjwa yuleyule, mwenye faili lilelile na daktari yuleyule, alilala wa bima akaamka wa keshi. Hakuna aliyetukosea. Kila niliyemfuata alifuata kanuni, tena kwa upole, na ndiyo sababu nakuandikia wewe unayeweza kupeleka kanuni mezani ikabadilishwa.

Niruhusu niseme kidogo kama muuguzi. Ndugu hudhani gharama ya kiharusi ni ya ule usiku wa kwanza. La. Usiku wa kwanza una mwisho. Baada yake kuna mpira wa mkojo unaobadilishwa, presha inayopimwa, dawa ambazo hazina siku ya kumaliza, vidonda vya mgongo vinavyomvizia mgonjwa asiyegeuzwa kila baada ya saa mbili, na mazoezi ya viungo. Miezi ya mwanzo, mitatu hadi sita, ndiyo ambayo mkono na mguu hurudi zaidi kama vitashughulikiwa. Ikipita, kinachorudi ni kidogo na kwa shida. Kadi ya mama ilifungwa katikati ya miezi hiyo. Wanaopanga matibabu wizarani kwako wanalijua hili kuliko mimi. Pampasi za watu wazima sizitaji, maana hata kadi ikiwepo zile ni za mfukoni.

Basi twende kwenye fedha, kwa sababu nchi hii imezungumza sana kuhusu mafao na karibu yote yamekuwa mazungumzo ya mkupuo. Mwaka 2018 PSPF, LAPF, PPF na GEPF ziliunganishwa kuwa PSSSF, ikaja kanuni ya mkupuo wa asilimia 25, watu wakapiga kelele, na Desemba mwaka huohuo Rais Magufuli akaisimamisha. Julai 2022 kikakubaliwa kikokotoo cha asilimia 33. Katika bajeti ya 2024/25 wale tuliotoka kwenye mifuko iliyokuwa ikilipa asilimia 50 tukapandishiwa kutoka hiyo 33 hadi 40. Nami nilishangilia. Kwenye vikao vyote vya wafanyakazi nilivyohudhuria sikumbuki hata mmoja wetu akinyanyua mkono kuuliza: na kadi ya mama?

Chukua mtumishi ambaye wastani wa mshahara wake bora ni shilingi 1,200,000 kwa mwezi na ametumika miezi 420. Kwa kanuni ya sasa ya 1/580, na mkupuo wa asilimia 40 unaozidishwa kwa 12.5, anapata mkupuo wa kama milioni 52.1, kisha pensheni ya kama 521,000 kila mwezi. Milioni 52 ni fedha nyingi kuzitazama siku moja. Ndugu huzisikia kabla hazijaingia benki. Hapa Kibaha utashauriwa banda la kuku kabla hujarudisha funguo za ofisi, na kuna semina za wastaafu watarajiwa ambako tulifundishwa ufugaji, hatifungani na jinsi ya kuwakwepa matapeli. Somo la kuuguza mzazi kwa pensheni halikuwepo. Mgonjwa wa muda mrefu hali mkupuo kwa siku moja. Huula kidogo kidogo, wiki kwa wiki, na ukiisha huanza kula ile 521,000, ambayo haifiki hata nusu ya mshahara uliokuwa ukimlisha.

Sasa hesabu ya ombi langu. Asilimia 6 ya pensheni hiyo ni shilingi 31,283 kwa mwezi. Mtumishi huyohuyo akiwa kazini alikuwa akikatwa 36,000 na hakuwahi kuona ajabu. Nasema asilimia 6 kwa kuwa mstaafu hana tena mwajiri wa kumchangia nusu nyingine, na sisi tuko tayari kuibeba yote. PSSSF ndio wanaolipa pensheni. Wakate palepale wapeleke NHIF kabla fedha haijamfikia mtu.

Najua wahesabu wa Mfuko watakuja na nini. Watasema atakayejitokeza kukatwa ni mwenye mgonjwa, asiye na mgonjwa atakaa pembeni, na Mfuko utabeba wagonjwa watupu. Wana haki ya kuogopa. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu (CAG) zimeshawahi kuhoji uhai wa Mfuko huu, na Mfuko ukianguka hata kadi yangu na ya mume wangu hazitasoma. Basi fanyeni uamuzi utolewe mara moja tu, wakati wa notisi ya kustaafu, miezi sita kabla, pale ambapo wengi bado hawajui nani ataugua. Afadhali zaidi, kila mstaafu mwenye mtegemezi kwenye orodha aingizwe moja kwa moja, na asiyetaka aandike barua ya kujitoa. Anayebaki awe ni mtegemezi aliyekuwa kwenye kadi tangu miaka kadhaa kabla ya kustaafu, ili asije mtu akamwingiza mjomba aliyeanza kukohoa juzi.

Wala sijidanganyi kwamba 31,000 itatosha kumtibu mwenye kiharusi. Haitoshi. Lakini Mfuko uliundwa kwa sheria ya 1999, ukaanza kazi 2001, na rika langu limekatwa tangu mwanzo huo, wakati wazazi wetu walikuwa bado wanapanda minazi na kadi zao zinakaa kabatini. Miaka yao ya afya mliikusanya. Kama bado haitoshi, tubaneni: tutibiwe hospitali za Serikali tu, kwa ngazi, kwa rufaa. Nitasaini hata leo.

Wapo watakaonielekeza kwenye msamaha wa wazee. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mama kama mzee, na utaratibu wa matibabu bila malipo upo kwa wazee wasio na uwezo. Lakini mama ana binti aliyestaafu Serikalini, mwenye nyumba ya tofali Mkuza. Nikienda kwa mwenyekiti wa mtaa kuomba barua kwamba mama hana uwezo, mwenyekiti ataniangalia, nami nitaangalia chini, na ustawi wa jamii watakuwa na haki ya kumpa nafasi ile bibi wa jirani ambaye hana mtu kabisa. Mama anabaki katikati: si maskini wa kusamehewa, si mwanachama wa kutibiwa. Bango la hospitali la kumpisha mzee linampa kiti cha mbele kwenye foleni, na akifika dirishani anaulizwa bima au keshi.

Wengine wananiambia Bima ya Afya kwa Wote itanikuta. Sheria yake ilipita Bungeni mwaka 2023 na mimi ni miongoni mwa tuliofurahi. Ila mstaafu tayari ana mlango wake kwenye Mfuko, na ni rahisi kumwongezea mtu aliye ndani kuliko kumtoa nje kisha kumwita tena, mama yake akiwa na umri ule na ugonjwa ule, aanze usajili upya na kulipa kwa mpigo badala ya kukatwa. Kama kanuni za sheria hiyo zitapitiwa tena, hapo ndipo mahali pa jambo la wategemezi wa wastaafu.

Kwa sasa nimerudi wodini, ila wodi ni chumba cha nyuma na zamu haina wa kunipokea. Mume wangu amejifunza kumgeuza mama bila kumvuta bega. Mdogo wangu wa Kisarawe huleta mihogo na madafu, na kaka zetu wanachanga kwenye kundi la simu, mwanzoni kwa haraka, siku hizi baada ya kukumbushwa. Siwalaumu, nao wana wagonjwa wao.

Kuna watumishi Kibaha na Kisarawe wanaoandaa notisi zao hivi sasa. Kama kubadilisha kanuni kutachukua muda, kuna mambo mawili ambayo hayahitaji Bunge la bajeti. La kwanza, maofisa utumishi wawaambie watu hawa kwa maandishi, pamoja na kupokea notisi, ni wategemezi gani watatoka na tarehe gani, ili mwenye mzazi mgonjwa ajipange kabla mkupuo haujagawanywa kwenye mabanda ya kuku. La pili, mgonjwa ambaye matibabu yake yalianza kwa kadi amalizie kwa kadi hiyo, angalau mwaka mmoja. Baada ya hapo mtuongezee mstari kwenye fomu za kustaafu: jina la mtegemezi unayetaka aendelee, na sahihi ya kukubali kukatwa. Jibu naomba lipitie gazetini, wasome na hao wenzangu.

Wako mtiifu,
Muuguzi mstaafu,
Mkuza, Kibaha, Pwani