Nishani Haifuti Deni

Kila msimu wa mahafali majina ya wanafunzi bora wa vitivo vya elimu husomwa mbele ya wageni waheshimiwa. Makofi hupigwa, cheti cha sifa hutolewa, na mzazi aliyeuza ng'ombe hufuta machozi. Hatuipingi heshima hiyo. Aliyepata shahada ya daraja la kwanza ameitolea jasho. Tunalopinga ni serikali kumpamba mwalimu kwa maneno siku moja, kisha kumfanya mdaiwa miaka yote inayofuata.

Tuanze na historia, maana watawala hupenda tuisahau. Baada ya uhuru serikali ililipia masomo ya chuo kikuu, naye mhitimu akapaswa kuutumikia umma kwa muda usiopungua miaka 3. Sisi wanasheria tunauita huo mkataba: huyu anatoa fedha, yule anatoa kazi, na kazi yenyewe ipo. Mikopo ilianza katika miaka ya 1970. Mwaka 1991 zikaja ada kwa jina tamu la kugawana gharama. Mwaka 1995 Bunge likaunda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB. Katika hayo yote mwalimu alibakiwa na jambo moja: akihitimu, aliajiriwa.

Mwaka 1998, mwaka mmoja tu baada ya mgomo mkuu wa walimu, serikali ilisitisha ajira hiyo ya moja kwa moja. Mkataba ukavunjwa, na aliyeuvunja ni upande wenye nguvu. Upande wa mnyonge haukufutwa! Mkopo huanza kudaiwa mwaka mmoja baada ya masomo, na sheria inamtoza anayeshindwa kulipa shilingi 5,000 kila mwezi.

Mwaka 2023 walimu waliohitimu na kusajiliwa waliingizwa katika sekondari msingi kama walimu tarajali, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Msomaji afanye hesabu mwenyewe: faini ya HELB ya mwezi mmoja ni robo ya malipo hayo. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira ilisema kwamba kumwajiri hivyo mwalimu aliyekwisha kufuzu ni kinyume cha Katiba. Mwishoni mwa mwaka huo huo Tume ya Huduma za Walimu ilitangaza nafasi nyingine 20,000 za utarajali. Hukumu ya mahakama, basi, ni pambo?

Watatuambia kwamba ufadhili upo. Ni kweli, mfumo uliotangazwa Mei 2023 unachanganya ufadhili, mkopo na mchango wa jamaa. Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha Katiba Desemba 2024, na serikali ikakata rufaa. Lakini hata ungekuwa safi kama theluji ya Kirinyaga, mfumo huo unapima umaskini wa nyumbani tu. Haumwahidi mwalimu kazi. Na pengo linalobaki hujazwa na basari ya mwanasiasa, ambaye hufika uwanjani mwa kanisa na hundi kubwa ya karatasi ili apigwe picha. Fedha ni za umma, shukrani ni zake. Nasi waumini tumekuwa wepesi mno kumpa kipaza sauti.

Watasema pia hazina ni tupu. Mbona basi wazazi wanawalipa walimu walioajiriwa na bodi za shule? Watoto wapo darasani, mwalimu aliyefuzu yuko kijijini anauza mitumba, na mzazi analipa kodi na bado anaombwa mchango wa mwalimu.

Tunadai sheria ya ufadhili wa ualimu yenye pande mbili. Serikali ilipe masomo. Mhitimu afundishe popote atakapopelekwa kwa miaka 3, kwa mshahara kamili. Nafasi isipopatikana, deni lisimame, wala faini isihesabiwe. Mwanafunzi bora apewe nishani pamoja na hati ya kufutiwa mkopo. Na orodha ya wafadhiliwa ichapishwe, ionyeshe vigezo vilivyotumika, ili ijulikane nani amepita mlango wa nyuma.

Bajeti husomwa Juni. Kabla ya hapo kila parokia na kila kikundi cha haki kimwandikie mbunge wake barua, nakala ibaki kwa katibu, chenye swali hili moja: je, utaunga mkono faini ya HELB isitozwe mwalimu ambaye serikali haijamwajiri? Jibu lake lisomwe hadharani Jumapili itakayofuata.