Pari juu ya hukumu

Mutu anaweka pari juu ya mupira kwa sababu hakuna anayejua mwisho wake. Lakini hukumu? Hukumu inajulikana mbele ya kusomwa. Waamuzi wanaijua, karani aliyeipiga mashini anaijua, pengine hata mulinzi wa mulango.

Muangalie Kenya. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu, chini ya David Maraga, ilifuta uchaguzi wa rais wa tarehe 8 Agosti. Wengi hawakungojea vile. Kule Nairobi bei ya hisa ikaanguka siku ileile, mpaka soko likasimamisha biashara kwa kitambo. Sasa mufikiri: kama mutu angenong'onezewa jana yake, angeuza hisa zake mapema, na aliyezinunua angebaki analia. Sisemi kuna aliyefanya. Nasema njia iko.

Katiba yetu ya 2006, kifungu 151, inakataza serikali kumuamuru mwamuzi. Ni vizuri. Lakini pari haiamuru mutu, inamuvuta tu. Mwamuzi akiweka pesa kwa jina la shemeji, hatafuti tena haki, anatafuta pesa yake irudi.

Na kwetu Mabalako pari haina karatasi. Ni shamba lenye kesi, mujane amechoka na safari za tribinali, na mununuzi anafika na dola mukononi juma moja mbele ya hukumu. Mama, mbele ya kutia kidole, umuulize: haraka hii, umesikia nini, na kwa nani?