Lumeni Si Chakula cha Matumbawe

Mwandishi mmoja anatushauri tuchague neoni, yaani taa za tyubu, za tangi la samaki kwa kuhesabu lumeni: yenye nyingi ndiyo bora, basi. Kwa sebule, sawa. Kwa matumbawe, amebisha mlango usio wake.

Lumeni hupimwa kwa jicho la binadamu, ambalo mchana huona vyema zaidi kijani-manjano, karibu nanometa 555. Buluu ya nanometa 450, ambayo mwani unaoishi ndani ya matumbawe huifyonza kwa pupa, jicho letu huihisi kwa chini ya asilimia 5 ya kiwango hicho. Ndiyo maana neoni ya buluu huonekana dhaifu kwenye pakiti yake, ilhali matumbawe yanashiba. La kupima ni fotoni zinazofika pale yalipo, chini ya maji. Karibu nusu ya mwanga wa tyubu huelekea juu. Bila bati la kung'aa la kuurudisha, unaangazia kifuniko tu.

Joto nalo amelisahau. Tyubu nyembamba, T5, hung'aa kikamilifu hewa inayoizunguka ikiwa nyuzi 35. Ile nene zaidi, T8, nyuzi 25. Ndani ya kifuniko kilichofungwa hapa Kisangani, T8 ya wati 36 haitoi kilichoandikwa, achilia mbali umeme unaposhuka.

Halafu, tuambiane ukweli: kutoka hapa bahari, mashariki au magharibi, iko zaidi ya kilomita 1,500. Kwa hiyo anayeishi karibu na maporomoko yetu ya Wagenia hatafuga matumbawe; atafuga samaki wa mto na kupanda anubiasi, mmea unaoridhika na mwanga hafifu. Huyo, neoni moja inamtosha.