"Picha nzuri" si maoni

Mwandishi mmoja ametushauri tuwasifu tu wapigapicha wanaojifunza, eti ukosoaji huwavunja moyo. Sikubaliani naye. Kinachovunja moyo ni dharau, na sifa tupu ni dharau iliyopakwa asali. Kijana wa Lubumbashi aliyempiga mchimbaji picha mbele ya bomba la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines aambiwe wazi: jua la saa sita limeficha uso chini ya kofia, rudi alasiri, sogea karibu. Mpigapicha Sammy Baloji, mzaliwa wa mji huu, katika mfululizo wake wa picha "Mémoire" alibandika picha za wafanyakazi wa enzi za ukoloni juu ya mandhari ya magofu ya viwanda. Kila picha yake inauliza swali. Nasi tuulizane: ulitaka tuone nini? Taja kilichofaulu, taja kilichokwama, kisha pendekeza njia. Hiyo ndiyo heshima.